Re: Bekapu yangu inatosha? Haitoshi, maana hujawahi kuirejesha

Mkuu, simama hapo hapo. Usiingize mteja hata mmoja kwenye huo mfumo wa mauzo mpaka umalize kusoma hapa.

Umeuliza mambo mawili: uandike kwa lugha ya Python au Go, na kama bekapu uliyopanga inatosha. Hilo la pili umelitupia mwishoni kama jambo dogo, na ndilo litakalokumaliza. Umesema una diski mbili zinazofanya kazi kama kioo, na kila saa nane usiku cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, inaendesha mstari huu:

pg_dump duka | gzip > /bekapu/duka.sql.gz

Kioo kwanza, kwa kifupi. Diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile zinakukinga na janga moja tu, la diski moja kufa. Ukifuta jedwali kwa makosa, linafutika kwenye zote mbili papo hapo. Programu hasidi ikifunga mafaili yako ili udaiwe fidia, inayafunga kote kote. Mashine ikiungua au ikiibiwa, diski zote zinakwenda nayo. Kioo kipo ili huduma isisimame, basi. Anayekuuzia kama bekapu anakudanganya, na wapo mafundi wengi wanaofanya hivyo huku wakijua. Folda inayojisawazisha na mtandao nayo ni hivyo hivyo, inapeleka kosa lako mbali kwa haraka.

Sasa huo mstari. pg_dump ni zana ya PostgreSQL inayotoa nakala ya hifadhidata yako iitwayo duka, na gzip inaibana kuwa faili dogo. Unaonekana msafi, umenakiliwa kwenye maelfu ya mafunzo, na ni mtego.

Tatizo la kwanza ni hiyo alama ya |. Amri mbili zikiunganishwa namna hiyo, jibu la kufaulu au kushindwa linalorudi ni la amri ya mwisho, yaani gzip. pg_dump inaweza kuanguka sekunde ya kwanza, gzip ikapokea utupu, ikaubana vizuri kabisa na kusema "nimefaulu". Utapata faili lenye jina sahihi na tarehe ya leo, lenye ukubwa wa baiti 20. Baiti 20 ndiyo gzip ya kitu kisichokuwepo. Ukipita kila asubuhi na kuangalia tu kwamba faili lipo, utaliona lipo.

Tatizo la pili ni baya zaidi. Jina la faili halibadiliki, na alama ya > inafuta yaliyomo bila kusubiri kuona kama pg_dump itafaulu. Kwa hiyo usiku ambao bekapu inashindwa ndio usiku huohuo inapoharibu bekapu nzuri ya jana. Hutabaki na ya zamani wala na chochote kingine.

Na pg_dump itashindwa lini? Siku utakayopandisha toleo la PostgreSQL kwenye seva na kusahau zana zake. pg_dump hukataa kusoma seva yenye toleo kuu jipya kuliko lake, na inakataa kwa haki. Itashindwa pia cron isipoipata, kwa sababu cron haina njia zote za kutafuta programu ulizonazo wewe ukiwa kwenye kiweko. Itashindwa pia faili la .pgpass, linalotunza nywila ya hifadhidata, likiwa na ruhusa pana kuliko 0600 (mmiliki peke yake kusoma na kuandika), maana litapuuzwa. Malalamiko yote hayo cron huyatuma kwenye baruapepe ya ndani ya mashine, ambayo wengi hawajui hata kama ipo, na mara nyingi haijawekwa kabisa.

Usidhani haya huwapata wanaoanza tu. GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu mtandaoni: tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Takriban gigabaiti 300 zilikwenda. Walipogeukia bekapu za pg_dump, hazikuwepo: zana ya toleo la 9.2 ilikuwa ikiendeshwa dhidi ya seva ya 9.6, ikishindwa kila mara, na baruapepe za onyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski, yaani nakala ya hali yake ya wakati ule, ambayo mtu aliipiga kwa mkono takriban saa sita kabla ya janga, kwa kazi nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita haikurudi. Waliandika yote hadharani, na nawaheshimu sana kwa hilo.

Wanaonikera ni walimu wa video na makala ambao somo lao linaishia pale "sasa una bekapu". Hawaonyeshi kurejesha hata mara moja! Dakika 20 za kupanga cron, sifuri za kuthibitisha. Matokeo yake tuna kizazi cha waandishi wa programu wanaoamini faili kwa sababu lina jina. Hasara ikija, anayeulizwa ni karani aliyekaa kaunta na mteja aliyelipa deni lake ambalo sasa halionekani popote.

Kanuni yangu ni moja: usiite bekapu kitu ambacho hujakirejesha kwenye mashine nyingine na kukitumia.

Fanya hivi. Weka kazi yote kwenye skripti, usiiandike ndani ya crontab, lile faili la ratiba za cron, kwa sababu pale alama ya % ina maana yake na itakukata tarehe katikati. Acha gzip, muundo wa -Fc wa pg_dump unajibana wenyewe:

pg_dump -Fc -f /bekapu/duka.tmp duka && mv /bekapu/duka.tmp /bekapu/duka-$(date +%F).dump

Jina la mwisho linapatikana pale tu pg_dump ikifaulu, na la jana haliguswi. Ongeza pg_dumpall --globals-only kwenye faili la pembeni, kwa sababu pg_dump haichukui watumiaji wa hifadhidata na nywila zao. Kisha mashine ya pili ije kuvuta mafaili yenyewe. Usiipe seva ya mauzo ruhusa ya kuandika kwenye mashine ya bekapu, maana atakayeivamia moja atafuta zote mbili. Tunza za kila siku kwa wiki moja, za kila wiki kwa mwezi, za kila mwezi kwa mwaka. Uharibifu mwingi hugunduliwa baada ya wiki kadhaa, wakati nakala ya jana nayo imeshaoza.

Kurejesha: kwenye mashine isiyo na kitu chochote chako, weka PostgreSQL, ingiza lile faili la watumiaji, halafu

createdb jaribio
pg_restore --exit-on-error -d jaribio duka-TAREHE.dump

Usifanye jaribio kwenye seva ileile. Pale watumiaji na mipangilio tayari ipo, kwa hiyo mapengo hayataonekana. Na kama utang'ang'ania faili la SQL la kawaida, liingize kwa psql -v ON_ERROR_STOP=1, la sivyo psql itaruka makosa na kuendelea mpaka mwisho kana kwamba mambo ni shwari.

Ikiisha, hesabu mistari ya jedwali la mauzo na utazame tarehe ya mauzo ya mwisho. Iwe ya jana. Halafu washa programu yako juu ya hifadhidata hiyo na utoe risiti. Hapo ndipo utagundua picha za bidhaa hazimo, kwa sababu zilikuwa kwenye folda na si kwenye hifadhidata, na kwamba ufunguo wa kufungulia data iliyofichwa uko kwenye seva ileile unayojifanya imekufa. Pima pia muda uliochukua, kwa sababu huo ndio muda ambao duka litakuwa limefungwa. Rudia kila mwezi, na rudia siku hiyohiyo ukipandisha toleo.

Python au Go? Tumia unayoijua zaidi, hakuna duka lililowahi kufungwa kwa sababu hiyo.

Ukimaliza rudi hapa ubandike matokeo ya ls -l (orodha ya mafaili na ukubwa wake) ya folda ya bekapu, siku tatu mfululizo, pamoja na tarehe ya mauzo ya mwisho uliyoiona kwenye jaribio. Ukubwa ukishuka ghafla hata usiku mmoja, tuutafute pamoja kabla hujafungua.