Moyo kwenda mbio na vipimo vyote safi: jibu kwa mkuu wa Sakina, Arusha

Pole sana mkuu. Umesema moyo unakupiga ghafla, vidole vinakufa ganzi, unahisi unakata roho. Umepima moyo, sukari, malaria, vyote safi, ukaambiwa "ni mawazo tu, kapumzike". Nyumbani wanakuvuta kwa mchungaji, nawe unauliza kama unarukwa na akili.

Hapana, hurukwi na akili. Nimeishi na hali hiyo hapa Moshi, na inaitwa shambulio la hofu. Mwili unajiandaa kukimbia hatari ambayo haipo: homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza kasi, unaanza kuhema harakaharaka. Ukihema hivyo unatoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi, ndiyo maana ganzi inakuja vidoleni na mdomoni, na kichwa kinakuwa chepesi. Kwa kawaida hofu inafika juu kabisa ndani ya dakika kama 10, halafu inashuka yenyewe. Likija, toa pumzi taratibu, ndefu kuliko unayovuta, na usikimbie ulipo.

Hapo kwenye kukimbia ndipo nataka unisikilize vizuri. Shambulio linapita, kinachokula maisha ya mtu ni kukwepa. Mimi lilinikamata kwenye Kosta ya Arusha, maeneo ya Usa River, na baada ya hapo sikupanda tena. Zikafuata foleni za benki, harusi, hadi ibada nikawa nakaa karibu na mlango. Kila ukikwepa unapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha ubongo kwamba pale palikuwa na hatari kweli. Mshauri wa hospitali akanipangia kurudi kidogo kidogo: kwanza Boma Ng'ombe na kugeuza, nikizoea nifike njia panda ya KIA, kisha Usa River, ndipo Arusha. Sharti lilikuwa moja, nisishuke hofu ikiwa juu. Nisubiri ipungue nikiwa kwenye kiti. Inatisha na inachosha, lakini imenirudishia safari zangu.

Kahawa ipunguze, hasa ya jioni, najua kwa watu wa huku ni mtihani. Pombe inakutuliza usiku halafu alfajiri inakuamsha na hofu kubwa zaidi, na mbege nayo ni pombe.

Kuhusu dawa: zile za sonona hutibu na hofu pia, ila huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo unaweza kujisikia vibaya zaidi. Usiziache ghafla bila daktari. Usijinunulie diazepamu, ile dawa ya kutuliza, dukani, mwili unaizoea haraka.

Maombi endelea nayo, mimi pia naomba. Hayakuzuii kwenda kliniki.

Kwa kuwa uko Arusha, nenda hospitali ya Mount Meru uulizie huduma ya afya ya akili. Huku kwetu Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC. Kama hujapimwa homoni za tezi ya shingo, waulize, maana zikizidi nazo hukimbiza moyo. Na ikifika mahali unawaza kufa au kujidhuru, usisubiri miadi: mwambie mtu wa nyumbani akupeleke hospitali siku hiyohiyo.

Tuandikie hapa ni sehemu zipi umeshaanza kuzikwepa, tuone uanzie na ipi.