Wasomaji Wauliza: Mradi wa teknolojia utaingiaje katika somo la fizikia?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika komini ya Kadutu, hapa Bukavu. Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, anataka wanafunzi wa humanite ya tatu (sekondari ya juu) wajifunze teknolojia kwa kutengeneza kitu wao wenyewe, si kwa kunakili masomo ubaoni tu. Wazo hilo nimelipenda, ila kompyuta tulizo nazo ni chache, umeme hukatika, na wazazi wanahofia kwamba watoto watapoteza muda wa kujiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Tena, kila nikitoa kazi ya kundi, mmoja huifanya yote na wengine huandikisha majina tu. Nianzie wapi?
Mwalimu wa Kadutu

JIBU: Ndugu Mwalimu, hofu ya wazazi ni ya haki iwapo mradi utawekwa pembeni ya somo, kama burudani ya Jumamosi. Ukichaguliwa kutoka ndani ya fizikia yenyewe, saa utakazozitumia ni zilezile za somo. Mmarekani William Heard Kilpatrick, aliyeandika kuhusu mbinu hii mwaka 1918, alisisitiza kwamba mwanafunzi afanye kazi kwa lengo analolijali kwa moyo wake, na kwa sababu hiyo ningekushauri uachane kwanza na roboti. Roboti inayotembea mbele ya wazazi siku ya kufunga mwaka hupigiwa makofi mengi, lakini mara nyingi mtoto aliyeibeba hawezi kueleza kwa nini inageuka.

Chagua maji. Kama shule ina tangi, huenda hakuna ajuaye limebaki na kiasi gani mpaka mtu apande kuchungulia. Kihisi cha kupima umbali kiitwacho HC-SR04, kikiunganishwa na bodi ya Arduino (kompyuta ndogo inayofuata maagizo unayoiandikia) na kufungwa juu ya tangi, hutuma mlio wa kilohezi 40, ambao sikio la binadamu haliusikii, kisha hungoja mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji. Katika nyuzijoto 20 sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde, hivyo kila sentimita ya umbali, kwenda na kurudi, huchukua kama mikrosekunde 58 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Waache wanafunzi waikokotoe namba hiyo kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, kwani hapo watakuwa wamepitia mwendo wa sauti, mwangwi na vizio bila kutoka nje ya somo lako. Kisha uliza lita: katika tangi la mviringo lililosimama wima kama pipa, lenye kipenyo cha mita 1, kila sentimita inayoshuka ni karibu lita 8, kwa hiyo anayekosea sentimita 2 amekosea lita 16, na mjadala wa usahihi wa vipimo utaanza bila wewe kuuchochea. Kihisi kisikaribie maji mno, maana hakisomi umbali ulio chini ya sentimita 2, na unyevu hukiharibu.

Umeme hautakusumbua sana. Programu ya kuandikia maagizo ya Arduino, ikishawekwa kwenye kompyuta, hufanya kazi bila intaneti, na bodi huyahifadhi maagizo hata umeme ukikatika. Kompyuta mpakato moja yenye betri nzuri itahudumia makundi kadhaa kwa zamu, huku wanaosubiri wakichora mzunguko wa umeme na kupanga hatua za programu kwa penseli, jambo ambalo hata wenye kompyuta nyingi wangefaa kulifanya.

Ama kuhusu yule mmoja anayefanya yote, unda makundi ya watu 4 na ubadilishe kazi kila wiki: wa nyaya, wa programu, wa kupima kwa rula na wa daftari. Nusu ya alama itoke kwenye kifaa, na nusu kwenye maelezo ya mwanafunzi atakayepatikana kwa kura siku hiyohiyo, alama zake zikiwa za kundi zima. Fundi hodari atalazimika kuwafundisha wenzake mapema, apende asipende. Mara nyingine chomoa waya mmoja kwa siri kabla mteuliwa hajasimama, umwombe atafute kasoro mbele ya darasa; mpe muda wa kutosha, na usimruhusu yeyote amnong'oneze.