PDO haitakuhamishia databesi, ndugu yangu

Simama hapo hapo. Umeuliza utumie PDO (njia ya PHP ya kuongea na databesi za aina nyingi) au uite mysqli (njia ya PHP ya kuongea na databesi ya MySQL pekee) moja kwa moja kwenye mfumo wa duka la dawa, ukasema unaelekea PDO kwa sababu "kesho nikihamia PostgreSQL nabadilisha mstari mmoja tu", yaani databesi ya aina nyingine. Maneno hayo hayo niliyasema mbele ya bodi ya SACCOS moja. Tulipouhamisha mfumo wao kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, yalinikosesha usingizi miezi miwili.

PDO inakufungulia mlango tu, haitafsiri SQL, ile lugha ya kuiamuru databesi. Ukiandika LIMIT 10, 20 ya MySQL (ruka safu 10, leta 20), inaifikisha PostgreSQL vile vile, nayo inaikataa. Yenyewe inataka LIMIT 20 OFFSET 10. Hilo halikuniumiza, maana ukurasa unagoma, unaona, unarekebisha.

Kilichoniumiza kilikaa kimya. MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, ukitafuta jina haijali herufi kubwa na ndogo. PostgreSQL inajali. Wanachama wa zamani waliingizwa kwa herufi kubwa. Karani akiandika "Mwanaidi", mfumo unamjibu hayupo, na kwenye logi, rekodi ya makosa ya mfumo, hakuna kosa lolote. Naye kwa nia njema anamsajili upya. Akaja mama mmoja na daftari lake la akiba, kila mwezi una muhuri, kwenye skrini ana mchango mmoja. Akaniuliza, "Mwanangu, pesa yangu imekwenda wapi?" Tulikesha tukilinganisha madaftari na majina, moja moja.

Na aliyetufundisha kwenye kozi ya jioni alituapia kwamba ukishatumia PDO unahama utakavyo. Tulimlipa ada! Mpaka leo nina hasira naye, kwa sababu hakuwahi kuhamisha mfumo wenye pesa za watu ndani.

Shika hili moja: amri zote za SQL zikae folda moja, faili jingine lolote lisiguse databesi. Zangu zilitapakaa kwenye mafaili zaidi ya 200, nyingine katikati ya HTML (msimbo wa kurasa) ya risiti, sikujua hata nianze kupima wapi. Zikiwa pamoja, hata mysqli itakufaa.

Anza leo na amri ya kutafuta dawa kwa jina. Ijaribu kwa AMOXICILLIN na kwa amoxicillin, kwenye MySQL na kwenye PostgreSQL, halafu rudi hapa utuambie umepata nini.