Mafua mepesi ya ndege huingilia wapi kwenye banda la kuku wa mayai?

SWALI: Nafuga kuku wa mayai 600, mchana huwafungulia. Bwawa liko mita 200 kutoka bandani. Bata wangu 15 huogelea huko na jioni hulala pamoja na kuku. Mayai yameshuka kutoka trei 17 hadi 13 kwa siku, ila waliokufa ni watano tu. Daktari wa mifugo anashuku mafua ya ndege ya aina isiyo kali, na amechukua sampuli. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Anza na bata. Kirusi hiki hukaa utumboni mwa bata wa mwituni na hutoka na kinyesi, bila wao kuonyesha dalili. Bata wako akiogelea nao, jioni anakileta mwenyewe hadi kwa kuku. Watenge leo: banda lao, maji yao, na viatu vyako vya kuingilia kwao.

La pili ni kufungulia. Huko Uholanzi, ambako kuku wa mayai hupimwa damu mara kwa mara, mashamba yanayofungulia kuku yameonekana kupata maambukizi ya aina isiyo kali mara 6 zaidi kuliko yanayofungia ndani. Sikwambii uwafungie maisha, lakini chakula na maji viwe ndani tu. Vikiwa uani vinaita ndege. Madimbwi ya mvua yafukie.

Kama unanywesha maji ya bwawa, yaache yatuame usiku kucha, yachuje, kisha kwa lita 1,000 tia mililita 85 za dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, yenye hipokloriti (klorini) ya asilimia 3.5. Subiri dakika 30. Wengi huiruka hatua ya kutuamisha, na tope humaliza klorini kabla haijagusa kirusi. Siku ya chanjo ya kideri ya kunywesha, usitie kabisa: utaiua chanjo.

Beseni la dawa mlangoni silitegemei sana, kwa sababu likishaingia samadi dawa inaisha nguvu. Kubadili viatu ni bora.

Usisahau soko. Kenya na Uganda, kirusi cha H9N2, nacho cha aina nyepesi, kimeshapatikana kwa kuku, na hicho hakihitaji bata wala bwawa. Husafiri na matenga, magunia ya samadi na trei za mayai. Mnunuzi aishie getini. Trei za plastiki zioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo dawa. Za karatasi zikitoka zisirudi. Kuku aliyekosa mteja sokoni asichanganywe tena na wenzake.

Majibu ya maabara yakija, uliza ni H ngapi, yaani kirusi ni cha kundi gani. H5 na H7 zinaweza kugeuka kali zikizunguka ndani ya kuku: Italia mwaka 1999, H7N1 ilianza nyepesi mwezi Machi, kufikia Desemba ilikuwa inaua, na zaidi ya ndege wafugwao milioni 13 walipotea. Uliza pia kilichopimwa. Damu huonyesha kuwa kuku waliwahi kuambukizwa. Kirusi chenyewe hutafutwa kwa pamba ya kooni na ya njia ya kinyesi, tena mapema. Kumbuka kideri kwa kuku waliochanjwa, na bronkaitisi (ugonjwa wa njia ya hewa wa kuku), navyo hushusha mayai hivihivi.

Kwa sasa usiuze kuku wala samadi. Vifo vikipanda ghafla, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo, na usichinje wanaoumwa.