Wati Ngapi kwa Wodi? Anza kwa Kulala Kitandani

Wiki hii nimepata ujumbe wa kijana fundi umeme aliyepewa kazi yake ya kwanza ya hospitali. Ameandika kwa heshima zote: "Shikamoo kaka, naomba msaada wako, wodi ya vitanda ishirini niweke taa za wati ngapi?" Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Ila swali lako limekaa vibaya. Sikulaumu, maana ndivyo tulivyofundishwa wote: chukua eneo la chumba, zidisha kwa luksi zinazotakiwa (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), gawanya kwa lumeni za taa moja (mwanga wote unaotoka kwenye taa), panga taa kwa mistari iliyonyooka, tia saini. Kwa ofisi inatosha. Kwa hospitali hesabu hiyo ndiyo hufanywa mwisho.

Wanaonifahamu kazini wanajua kituko changu. Nikifika hospitali kwa mara ya kwanza siulizi chumba cha umeme kiko wapi. Naomba kitanda cha magurudumu na mhudumu wa kunisukuma. Manesi hucheka, wengine hunipiga picha. Acha wapige. Nikiwa nimelala chali, nikisukumwa kutoka mapokezi hadi mlango wa chumba cha upasuaji, naona kitu ambacho mchoro hauwezi kunionyesha: taa zilizopangwa katikati ya korido, moja baada ya nyingine, kila moja ikinipita usoni kama mtu anayenimulika tochi makusudi. Mgonjwa anayepelekwa kupasuliwa tayari ana hofu yake. Pengine ana kichefuchefu, pengine ameshachomwa dawa ya kumtuliza, na kugeuza shingo hawezi. Kisha wewe fundi unamwongezea na hilo.

Anayetembea hatazami dari. Aliyelala hana kingine cha kutazama. Kwa hiyo korido za kupitishia wagonjwa mimi huzisogeza taa pembeni zimulike ukuta, au huzielekeza juu ili mwanga urudi kutoka darini ukiwa umepoa. Utaongeza taa chache, umeme utaliwa kidogo zaidi, na mhasibu atalalamika. Mwambie alale kwenye machela.

Kuna mradi mmoja ambao nilipowasilisha mchoro wa namna hiyo, mshauri aliyenizidi umri na vyeti aliniuliza mbele ya kikao kizima, "Bwana, tunajenga hospitali au hoteli?" Watu wakacheka. Sikumjibu. Niliomba tu kikao kinachofuata kifanyike kwenye jengo la zamani, na kila mjumbe alale kitandani dakika chache, akiwemo yeye. Mchoro wangu ulipita bila kuondolewa hata taa moja. Leo mshauri yuleyule anapanga korido zake hivyohivyo, na ukimuuliza amejifunzia wapi hasemi. Sijali. (Najali kidogo.)

Turudi wodini. Kiwango cha Ulaya, EN 12464-1, kinataka mwanga wa jumla wa wodi uwe luksi 100 tu. Mgonjwa anayesoma anahitaji 300. Daktari akija kumwangalia kwa haraka, 300. Akitaka kumchunguza vizuri na kumtibu palepale, 1,000. Usiku, kwa nesi anayepita kuwaangalia waliolala, luksi 5. Umeona? Kitanda kimoja, mtu mmoja, na mahitaji yanatoka 5 hadi 1,000. Hakuna taa ya darini, iwe ya wati zozote, itakayofanya kazi zote hizo. Unahitaji taa ya ukutani juu ya kitanda yenye sehemu zinazowashwa mbalimbali: moja ikimulika juu kwa mwanga wa jumla, moja ya kusomea, moja ya uchunguzi. Swichi ya kusomea iwe mkononi mwa mgonjwa. Nimeona wodi ambako swichi hiyo iko mlangoni, na aliyeiweka hapo analala nyumbani kwake usingizi mnono.

Luksi 5 za usiku ndizo zinazodharauliwa kuliko zote. Niliitwa kurekebisha wodi ambayo usiku ilikuwa na hali mbili tu, taa zote au giza totoro. Nikakaa na nesi wa zamu. Dripu ya mgonjwa wa kitanda cha kona ikaacha kwenda. Yule dada hakutaka kuamsha wodi nzima, basi akabana simu kwa meno, tochi ikielekea chini, akapapasa mkono wa mgonjwa kwa kidole akitafuta mshipa. Kila alipoinua kichwa kuhesabu matone, mwanga ulimpiga mgonjwa machoni, naye akakunja uso na kuvuta mkono. Nesi akausogeza tena taratibu, akaanza upya, mate yakimtoka pembeni mwa simu. Hakulalamika hata neno moja. Alipomaliza aliifuta simu kwa pamba ya spiriti na kuirudisha mfukoni, na nikajua hilo ni jambo la kila usiku.

Jicho lina seli zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga, ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kama kumekucha au bado, na zinaitikia zaidi mwanga wa samawati, karibu na nanomita 480. Ukimmulika mgonjwa kwa taa nyeupe kali saa nane usiku, umeupa mwili wake taarifa ya uongo. Basi taa za usiku ziwe chini karibu na sakafu, ziwe na rangi ya kaharabu, zisionekane na aliyelala. Na kila kitanda kiwe na taa ndogo ya mkono unaokunjika, ya kupunguzwa na kuongezwa, imulike mkono wa mgonjwa na isiguse uso wake. Meza ya manesi nayo ipate taa yake iliyokingwa. Kumbukeni, nesi anatakiwa kusoma lebo ya dawa saa hizo. Tukimnyima mwanga, tunaweka maisha ya watu rehani.

Sasa nije kwenye rangi, na hapa mnisamehe nitaongea kwa uchungu.

Nilichora taa za wodi ya watoto wachanga. Niliandika wazi: kelvini 4,000 (kipimo cha rangi ya mwanga, kikipanda mwanga unaelekea samawati), uhalisia wa rangi usiopungua 90 kwa 100, na kipimo cha R9, yaani cha wekundu, kionyeshwe kwenye karatasi ya kiwanda. Mkandarasi, ambaye simtaji, akanunua taa nyingine. Wati zilezile, umbo lilelile, nyeupe zaidi, na bila shaka rahisi zaidi. Hakunipigia simu. Nilijua pale matroni aliponipigia mwenyewe, sauti imekauka, akaniambia kwamba manesi wake wanabeba watoto hadi dirishani ili kuona kama wana manjano, yaani ngozi na macho kugeuka njano, au hawana. Na usiku, hakuna dirisha la kumpeleka mtoto.

Jina lililokuwa kwenye mchoro ni langu. Nilienda na kifaa cha kupimia rangi za mwanga. Wenye taa walikuwa wakijitetea kwamba uhalisia wa rangi ni 80, na kweli ulikuwa 80. Lakini ule wastani huhesabiwa kwa sampuli 8 za rangi zilizopauka, na nyekundu iliyokolea, ambayo ndiyo R9, haimo ndani yake. Kwa taa zile R9 ilikuwa chini ya sifuri. Damu, midomo, ufizi, kucha: vyote hivyo ni wekundu. Taa isiyoonyesha wekundu inamfanya mzima aonekane mgonjwa, na mgonjwa anayeanza kupungukiwa oksijeni, midomo ikigeuka samawati, anapita bila kugundulika. Manjano ni hivyohivyo. Taa ya njano sana humpaka kila mtoto manjano, na ile ya samawati kali huyaficha.

Nikamweleza mkandarasi yote hayo. Akanijibu, "Mzee, mwanga ni mwanga." Baada ya barua nyingi taa za chumba kile tu zilibadilishwa. Samahani sijaipata hadi leo, na kwenye sherehe ya kukabidhi jengo ni yeye aliyepewa cheti.

Huwa najiuliza mtu yule angesema nini kwa muuguzi Jean Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza. Miaka ya 1950 alikuwa akiwatoa watoto wachanga nje wapate jua, na ikaonekana ngozi iliyopigwa na jua inapoteza manjano wakati ile iliyofunikwa inabaki nayo. Mwaka 1958 madaktari wa hospitali hiyo wakachapisha matokeo ya kutibu manjano kwa taa. Tangu hapo mwanga wa samawati ni dawa kamili kwa watoto hao. Na ndiyo maana taa ya tiba lazima izimwe kabla ya kuangalia rangi ya ngozi. Iweke kwenye swichi yake, na taa nzuri ya uchunguzi iwe jirani.

Kwa hiyo mdogo wangu, andika kwenye mkataba: taa mbadala haifungwi mpaka sampuli yake iwashwe ndani ya chumba husika na nesi aikubali kwa maandishi. Na ninyi wakandarasi mnaosoma hapa, tumcheni Mungu katika manunuzi. Faida uliyoipata kwenye taa moja huwezi kuieleza mbele ya mama wa mtoto.

Chumba cha upasuaji kinaogopwa sana, ingawa kwa upande wa mwanga si kigumu kuliko wodi. Taa ya juu ya meza huja imeshatengenezwa, na kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60601-2-41 inatoa luksi 40,000 hadi 160,000. Kazi yako ni chumba kinachoizunguka. Kikiwa na giza, daktari akiinua macho kutoka kwenye kidonda kuchukua kifaa, haoni kitu kwa muda. Ndiyo sababu mwanga wa jumla wa chumba hicho hutakiwa kufika luksi 1,000.

Penye kuua mtu ni umeme wenyewe. Kiwango cha IEC 60364-7-710 kinataka taa ya meza ya upasuaji irudi ndani ya nusu sekunde umeme ukikatika, na iendelee kuwaka kwa muda wa saa tatu. Jenereta, hata liwe jipya namna gani, linahitaji sekunde kadhaa kuamka na kushika mzigo. Ukiona mtu amechora jenereta bila betri, rudisha mchoro. Vifaa vya chumbani humo hulishwa kupitia transfoma ya kutenganisha, ili hitilafu ya kwanza ya waya kugusa erthi (waya wa ardhini) isizime kitu, ila ipige king'ora tu. Nimekuta mahali king'ora hicho kimezibwa kwa gundi ya karatasi kwa sababu "kinapiga kelele". Taa za dari nazo zigawe kwenye saketi mbili kwa kupishana, saketi moja ikifa chumba kisife chote.

Na ujaribu. Kama hujazima swichi kuu kwa mkono wako mwenyewe, hujajaribu. Katika hospitali moja nilimwalika daktari mkuu wa upasuaji asimame mezani, akashona kipande cha sponji, kisha nikazima bila kumwonya. Korido zikawa giza, mtu akapiga kelele huko nje, jenereta likaanza kukohoa. Taa ya meza haikupepesa. Daktari hakuinua kichwa, aliuliza tu, "Umeshazima?" Nimepata sifa nyingi katika kazi hii, hiyo naiweka juu.

Kuhusu kufunga nisiwachoshe. Ukitoboa dari katika hospitali inayofanya kazi unaangusha vumbi, na vumbi la majengo hubeba mbegu za kuvu wa Aspergillus ambazo humuua mgonjwa asiye na kinga, kama wa saratani au aliyepandikizwa kiungo. Ziba eneo kwa nailoni kutoka sakafuni hadi darini, weka feni ya kuvuta hewa kutoka eneo hilo kuipeleka nje kupitia chujio, na usiguse bisibisi kabla ya watu wa kudhibiti maambukizi kukuruhusu. Taa za chumba cha upasuaji ziwe za kuzibwa, zilale sawa na dari bila kingo za kukalia vumbi, na draiva zake (vifaa vinavyozilisha taa umeme unaozifaa) ziwe mahali zinapofikika bila kufungua dari juu ya meza. Ulizeni pia wanasafisha kwa nini: vifuniko vya akriliki hupasuka nyufa ndogondogo vikifutwa kwa spiriti. Chumba cha MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ni somo lake peke yake. Jua tu kwamba draiva hukaa nje, na taa isiwe na chuma kinachovutwa na sumaku.

Siku ya kukabidhi, pima usiku, mapazia yakiwa yamefungwa, kifaa cha kupimia mwanga kikiwa juu ya godoro na si sakafuni. Andika namba ya kila kitanda. Acha draiva za akiba za aina ileile, zenye lebo, na orodha yake ibandikwe ndani ya mlango wa boksi la umeme. Sahihi ya kwanza kwenye karatasi za vipimo iwe ya nesi mkuu wa wodi, ya mkandarasi ifuate. Mimi karatasi isiyo na sahihi ya nesi siipokei, na ankara yangu ya mwisho haitoki mpaka ipatikane.