Usikope ili ulipe mishahara

Pole sana, ndugu yangu wa Kizota. Nimekuelewa: mafuta ya alizeti unayokamua hayapati wateja, unafikiria kuachisha vijana wawili na kukopa ulipe waliobaki. Usikope kwa ajili ya mishahara; kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, wataondoka na mashine yako. Waite vijana, wafungulie daftari la mauzo, waeleze mtafikaje msimu wa mavuno. Fundi wako akijua mnakoelekea, hatakimbilia kwa jirani. Punguzeni zamu kabla ya watu. Mashudu, makapi yanayobaki baada ya kukamua, wauzie wafugaji kwa taslimu, na fungasheni chupa za nusu lita, wateja wamebanwa. TRA, mamlaka ya mapato, nenda mapema, uombe makadirio ya kodi yapitiwe upya. Kupunguza watu kukilazimu, muone kwanza afisa kazi; sheria inadai taarifa na malipo.