Nimeacha Unga, Sigara Bado: Je, Toba Yangu Inakubaliwa?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nilitumia unga miaka 11. Sasa nina miezi 9 sijaugusa, naswali swala tano na mama yangu amenipokea tena. Lakini sigara bado navuta, karibu pakiti nzima kwa siku. Tunapoishi mimi na wenzangu walioacha, alikuja mhubiri akasema anayeacha unga akabaki na sigara "amehama chumba tu, nyumba ni ile ile ya shetani", na toba yake haipandi. Usiku ule nilijiambia: kama haipandi, bora nirudi nilikotoka nipumzike. Nao wakongwe wetu wananikataza kuacha sigara mwaka huu wa kwanza, eti ndiyo inayonishikilia. Nimsikilize nani? Na wenzangu hunitanguliza kuswalisha. Inafaa?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Maswali ya sigara huwa nayajibu kwa mistari miwili. Lako nimelitanguliza kwa sababu ya usiku ule. Mtu aliyetoka kwenye unga kusukumwa arudi huko kwa maneno yaliyosemwa kwa jina la dini ni msiba, wala sioni haya kuuita hivyo.

Hukumu yenyewe haitanichukua muda. Tumbaku ilipofika nchi za Waislamu, yapata mwaka 1000 Hijria, wanazuoni walikhitilafiana, na miongoni mwa walioihalalisha yumo mtu mzito kama Abdulghani an-Nabulsi. Lakini wao hawakuwa na habari tulizonazo sisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni moja hawakuvuta ila moshi wa wenzao. Allah anasema: "Wala msijiue" (4:29). Kwangu mimi sigara ni haramu, na huruma niliyo nayo kwako haitanifanya nikufiche hilo.

Sasa hiyo kauli ya toba kutopanda. Imam an-Nawawi, katika mlango wa toba wa Riyadh as-Salihin, ameandika kuwa ni wajibu kutubia dhambi zote, na kwamba mtu akitubia baadhi yake, toba yake ya dhambi hiyo inasihi kwa watu wa haki, na zilizobaki zinabaki juu yake. Waliosema haisihi ni baadhi ya Muutazila, kundi la kale lililokhitilafiana na Ahlu Sunna katika itikadi, na maarufu wao katika hili ni Abu Hashim al-Jubbai. Mhubiri wenu alipanda kuwaonya watu, akashuka amefundisha madhehebu ya Muutazila bila ya kujua!

Tena tuipime kauli yake kwa mizani yake mwenyewe. Ikiwa dhambi moja iliyobaki inaivunja toba ya nyingine, basi aliyeacha zinaa hana toba mpaka aache kusengenya, na aliyeacha riba hana toba mpaka aache kiburi. Nani atabaki na toba? Yeye anayo? Qur'ani imewataja watu walioungama dhambi zao, "wakachanganya vitendo vyema na vingine viovu. Asaa Allah akapokea toba zao" (9:102). Hawakuambiwa wasafike kwanza ndipo waje.

Na katika Bukhari kuna habari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kupigwa kwa ajili ya pombe. Mmoja akamlaani. Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema wasimlaani, kwani alilolijua kwake ni kuwa anampenda Allah na Mtume wake. Yule alikuwa hajaacha hata hicho anachopigiwa. Wewe umeacha miezi 9.

Ama mfano wa chumba na nyumba: aliyetoka chumba kinachowaka, akasimama ukumbini kwenye moshi, kweli hajafika nje. Lakini anayemwambia kuwa huko ndani na hapo ukumbini ni sawasawa, anamrudisha motoni.

Wakongwe wako siwezi kuwasemea ukali, maana wanasema kwa mapenzi. Wamewaona walioacha sigara ghafla, peke yao, bila msaada; ikaja arosto yake, hasira na kukosa usingizi, wakaanguka. Hayo hutokea. Kosa lao ni tafsiri: kilichowaangusha wenzao ni upweke na kukosa tiba. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2004 zilionyesha kuwa waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa bado katika matibabu ya uraibu walikuwa na uwezekano wa asilimia 25 zaidi wa kudumu bila pombe na dawa za kulevya. Na hata ukitazama kwa jicho la kawaida, sigara ilikuwa jirani wa unga miaka yote hiyo. Mkono bado unaijua njia.

Bill Wilson, Mmarekani aliyeshiriki kuanzisha Alcoholics Anonymous, jumuiya ya watu wanaosaidiana kuacha pombe, mwaka 1935, aliiacha pombe mwishoni mwa 1934 na hakuirudia. Sigara aliendelea nayo miaka mingi, ikamharibu mapafu, na kwa maradhi hayo akafa mwaka 1971. Nawaombea wakongwe wako wasife hivyo.

Kwa hiyo weka nia leo, na wiki hii mwone daktari au mshauri anayekuhudumia, mpange siku. Zipo plasta za nikotini za kubandika mwilini, ipo na chingamu yake. Shirika la Afya Duniani limeziweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Hizo ni tiba, usione unabadilisha haramu kwa haramu. Katika Ramadhani plasta haifunguzi kwa uamuzi wa mwaka 1997 wa Majmaa ya Fiqhi, baraza la kimataifa la wanazuoni, ama chingamu itafune usiku. Ikiwa tiba yako ni ya kupunguza kidogo kidogo, punguza: "Mcheni Allah kadiri muwezavyo" (64:16). Sisemi haya kwa kulinganisha na kuharamishwa pombe kwa hatua, kama wafanyavyo wengine; zile zilikuwa hatua za sheria kushuka, nazo zimekwisha. Nasema kwa sababu mwili uliofungwa hufunguliwa kwa ujuzi.

Na ukiteleza ukavuta, umevuta sigara. Miezi 9 haijaungua. Tubia hiyo moja, uendelee. Nitasema na neno ambalo baadhi watanilaumu: ukijikuta usiku una mawili tu mbele yako, unga au sigara, na hapana mtu wa kumpigia simu, basi la madhara mepesi ndilo linalotangulizwa, hiyo ni kanuni ya fiqhi. Ila namba ya simu iwe nayo kabla ya usiku huo. Na mama yako ajue vita uliyomo, asikuone mkali akadhani umerudia.

Kuhusu kuswalisha: swala nyuma yako inasihi, sahaba Ibn Umar aliswali nyuma ya al-Hajjaj, gavana aliyejulikana kwa dhulma na umwagaji damu. Wakikutanguliza kwa kuwa unasoma vizuri kuliko wao, tangulia. Lakini Mtume alimkataza aliyekula kitunguu saumu asikaribie msikiti, na harufu ya sigara ni mbaya kuliko hiyo. Usivute kabla ya swala, na upige mswaki kabla ya kusimama.

Wallahu a'lam.